Tupeane uzoefu: gari la zamani linapochemka mlimani, Kericho hadi Timboroa

Mwenye 110, Nakuru

Wadau, habari za jioni. Shule zinakaribia kufunga na wengi wetu tutapeleka familia nyumbani kwa magari tuliyo nayo: Toyota Corolla 110, Nissan B15, Peugeot za wazee, Hilux za dizeli. Barabara zetu hazina huruma kwa redieta. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hadi Awasi bado ni tambarare, kisha mlima wa Kericho unakupokea. Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret ni Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, mpaka Timboroa karibu mita 2,700. Kila mwisho wa muhula huwa naona boneti zimefunguliwa kando ya barabara na watoto wamekaa kwenye nyasi wakingoja, na huwa naumia, maana nyingi ya hizo shida zingeonekana nyumbani kabla ya safari.

Basi tupeane uzoefu. Lako lilichemka kwa sababu gani hasa, na ulijuaje? "Nilibadilisha kila kitu likapona" haitusaidii.

Nianze na langu. Mjini lilikuwa halina shida yoyote, lakini likifika Sachangwan geji ya joto inapanda na maji yanamwagika kwenye chupa ya akiba. Gereji moja ilinipigia hesabu ya gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, kichwa cha injini, na bloku) bila hata kufungua kifuniko cha redieta. Nilikifungua mwenyewe asubuhi injini ikiwa baridi. Ule mpira wa chini, unaokaa kwenye mdomo wa redieta, ulikuwa umekauka na una ufa unaoingia ukucha. Nikanunua kipya chenye namba ileile ya presha, 0.9, na shida ikaishia hapo.

Sababu ni hii. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Hapa Nakuru yanachemka kwa nyuzi kama 94, na Timboroa kama 91. Kifuniko kizima hubana presha ndani ya redieta, na presha hiyo ndiyo inayozuia maji kuchemka hadi yapite nyuzi 110. Kifuniko kikivuja, unapanda Timboroa na injini inayofanya kazi kwa nyuzi 90 ikiwa imebeba maji yanayochemka kwa nyuzi 91. Wenzetu wa Mombasa wanaweza kutembea na kifuniko kibovu muda mrefu bila kujua. Sisi wa huku juu hatuwezi.

Teksi ya Kondele

Asante kwa kuanzisha, kaka. Langu lilikuwa kinyume na lako. Kwenye foleni linachemka, nikishika barabara ya Busia linatulia. Ukiona hivyo usiguse gasketi, anza na feni. Ukienda kasi upepo wa barabara unapoza redieta wenyewe, ukisimama ni kazi ya feni peke yake.

Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna jaribio rahisi: washa ufunguo bila kupiga injini, chomoa waya wa swichi ya feni, ile inayohisi joto la maji. Feni ikizunguka, mota na relei (kile kiboksi cha umeme kinachoiwasha) ni nzima, swichi yenyewe ndiyo imekufa. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilishana relei na nyingine ya aina hiyohiyo iliyo kwenye boksi. Mimi nilikuta relei. Mikono tu, bila spana. Ila weka vidole mbali na feni, inaweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa.

Mwalimu wa Chemelil

Nyote mmesahau uchafu! Huku kwetu miwa ikichomwa majivu yanaruka kila mahali, na trela zikipita zinamwaga majani makavu barabarani. Ukishuka Kisumu jioni unakutana na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu. Vyote vinaishia mbele ya gari.

Ukichungulia kupitia grili utaona safi, kwa sababu unachokiona ni kondensa ya eesii (AC), ile inayofanana na redieta. Redieta iko nyuma yake, na uchafu unanasa katikati ya hizo mbili. Nilifungua bolti za juu, nikaivuta redieta nyuma kidogo, nikakuta mkeka mzima wa wadudu, nyasi na majivu yaliyoshikana kwa mafuta. Upepo ungepitia wapi? Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Msikubali ile mashine ya presha ya kaawoshi, inalaza yale mapezi membamba na ukishayalaza umeua redieta. Wenzetu wa Njoro na Mau Narok wakati wa kuvuna ngano nadhani mna shida hii hii.

Mama Wawili, Njoro

Ni kweli kabisa Mwalimu, makapi ya ngano yanajaa. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya redieta yakishapata moto, maana hili linaniuma. Karibu kila fundi niliyempelekea gari alitaka kuitoa na kuitupa. "Mama, nchi hii ni ya joto, hiyo ni ya wazungu wa baridi." Nilikataa, na ninawaomba akina dada wanaosoma hapa mkatae pia, hata mkiambiwa hamjui magari. Bila themostati injini inakaa baridi, inakunywa mafuta na inajila mapema. Na kwa injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka ndiyo inaziba ule mkondo wa pembeni. Ukiitoa, maji moto yanapita njia ya mkato bila kufika redieta, na gari linaweza kuchemka mlimani kuliko mwanzo.

Kama unaishuku, ijaribu jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiining'iniza kwa uzi isiguse chini, washa jiko. Nyuzi zimeandikwa kwenye chuma chake, yangu ni 82. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni utaiona inaanza kuachia. Jambo moja tu: huku juu maji yakichemka hayazidi nyuzi 94, kwa hiyo isipofunguka hadi mwisho kabisa usiitupe. Isiposogea hata kidogo ndiyo imekufa. Ukirudisha, weka gasketi mpya, na ile tundu ndogo yenye kipini kinachochezacheza ikae juu ili hewa ipite.

Kijana wa Kakamega

Swali wazee wangu. Natumia maji ya bomba pekee tangu ninunue B15. Yametoka na rangi ya kutu. Nifanyeje?

Mzee wa 504, Molo

Mwanangu, mwaga yote injini ikiwa baridi. Jaza maji safi, piga injini hadi ipate moto, iache ipoe, mwaga tena, rudia hadi yatoke meupe. Kisha weka kulanti (ile dawa ya redieta) nusu na maji yaliyosafishwa nusu, yale ya betri yasiyo na asidi. Watu hudhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kuilinda pampu ya maji. Usiimwage shambani wala mahali mbwa anaweza kuilamba, ni sumu na ina utamu.

Ukijaza, toa hewa. Simamisha gari pua ikitazama juu ya kilima, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole huku ukiminyaminya paipu ya juu ya redieta mpaka vipovu viishe. Nimeona magari yakihukumiwa gasketi kumbe ni hewa tu imejifungia ndani.

Gasketi yenyewe ina dalili zake. Asubuhi, injini baridi, fungua kifuniko kisha piga injini. Vipovu vikiendelea kuja bila kukoma hata baada ya hewa kutolewa, au paipu ya juu ikawa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha ukiwa umefunga, au oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa, hapo mwite fundi, na hedi iende mashine ikapimwe kabla ya kurudishwa.

Na likikuchemkia njiani: zima eesii, fungua hita yote moto, tafuta pa kusimama. Kifuniko usikiguse mpaka uweze kushika paipu ya juu kwa mkono. Nimeona mtu amebabuka uso na kifua pale Total. Maji baridi usiyamwage kwenye injini iliyochemka, hedi inaweza kupasuka.

Teksi ya Kondele

Shikamoo Mzee. Hilo la uso lisomwe na kila mtu.

Mwenye 110, Nakuru

Shikamoo Mzee, nashukuru sana. Kijana wa Kakamega, ukimaliza kusafisha angalia pia chini ya pampu ya maji. Kuna tundu dogo. Likiwa na alama ya maji yaliyokauka au kutu, sili imeanza kuachia.

Dereva wa lori la mboga, Kapsoit

Mnazungumzia kupanda, mimi naomba niongeze kushuka. Mafuta ya breki nayo huchemka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huvumilia angalau nyuzi 205, lakini yananyonya unyevu kutoka hewani, na yakishakunywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 hivi. Ukishuka Salgaa mguu ukiwa kwenye breki muda wote, yanageuka mvuke na pedali inazama hadi chini. Kama mafuta yako yamekuwa ya kahawia kama chai, yabadilishe kabla ya safari, na ushuke kwa gia ile ambayo ungepandia. Wenye dizeli, hamjasema neno kuhusu zile feni zinazozungushwa na injini, ambazo mafuta ya silikoni ndani yake huzishika injini ikipata moto. Ya Isuzu yangu inazunguka bure nikiisukuma kwa kidole injini ikiwa moto lakini imezimwa. Nani amewahi kuijaza tena, au ni kununua tu nyingine?