Mrejesho: mita mpya ya maji na bili iliyoruka

Assalaam alaykum. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini bili yetu hapa Kikwajuni imepanda tangu mita kuukuu ing'olewe, ikafungwa hii inayotuma usomaji wenyewe bila ya mtu kuja kusoma.

Ahsanteni nyote. Aliyesema nifunge mifereji yote usiku nitazame tarakimu, Mungu akulipe. Zilikuwa zinatembea! Nikafunga koki ya baada ya mita, zikasimama tuli. Kumbe maji yanapotelea ndani kwetu. Nilipopanda tangini, nikakuta boya (lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa) halizibi, maji yanamwagikia migombani (ndiyo maana ndizi zimenona). Fundi kabadilisha boya, bili imeshuka. Mita ya zamani, kwa uchakavu wake, nadhani mtiririko mdogo kama ule ilikuwa haiuhisi.

Mlioshauri nidai pesa zirudi: watu wa mamlaka ya maji wamekataa, wanasema maji yameshapita mitani. Wamekubali tu nilipe kidogo kidogo.

Suala la upepo wa bombani kuhesabiwa na mita kama maji bado. Maji yakirudi baada ya mgao, bomba linafoka na tarakimu zinakwenda kabla hata tone halijatoka. Nimeshapiga video, nitawapelekea.