Kusi linakuja: boti niipeleke Mtwapa, niipandishe nchi kavu, au niiache Bamburi?

Bahari_Nyali
Assalaam alaikum wanabahari. Upepo wa kusi uko mlangoni na mwaka huu nataka kulala usingizi. Nina boti ya faiba, futi 26, mashine moja ya nje, sasa imetia nanga Bamburi. Naona njia tatu: niihamishe Mtwapa krikini, yaani kwenye mkono wa bahari unaoingia bara, niifunge kwenye boya, niipandishe nchi kavu mpaka Septemba, au niiache papo hapo niongeze nanga ya pili. Halafu kuna binamu yangu yuko Florida, yeye anasema kule wanaziingiza boti ndani ya mikoko na kuzifunga kamba kila upande. Mnasemaje?

Nahodha_Mstaafu
Waalaikum salaam. Hilo la Bamburi lifute kabisa. Maji yakipwa mwamba unakukinga, wimbi linavunjikia huko nje. Shida ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji yakijaa wimbi linapita juu ya mwamba linakuja hadi pwani, na yakianza kutoka chombo kinapiga chini, tu tu tu, usiku kucha. Hapo hata ukiwa na nanga kumi.

Na ukienda Mtwapa, hesabu kamba vizuri. Watu wanapima kina wakati maji yamepwa, wanaridhika. Huku bamvua maji yanapanda karibu mita nne. Ukitia nanga penye mita tatu, yakijaa ni saba, ongeza mita moja kutoka majini mpaka omo, yaani mbele ya chombo, unapata nane. Kwa cheni zidisha mara tano, yaani mita 40. Kwa kamba tupu mara saba, 56. Sasa angalia kama una nafasi ya kuzunguka bila kumgonga jirani. Krikini mara nyingi huna, ndiyo maana boya lenye uzito mzuri chini ni bora kuliko nanga.

BintiMtwapa
Ami kasema kweli. Mimi nakaa huku na nasimama na kriki: kingo zimeinuka, wimbi la nje halifiki ndani, na kuna watu wa kuangalia. Lakini msiuze kriki kama pepo. Mkondo una nguvu, na upepo ukija kinyume chake boti inakaa ubavu, kamba inasuguana na omo mchana na usiku. Kusi halikatiki siku mbili likaisha, ni miezi. Chombo hakipotei kwa dhoruba, kinapotea kwa kamba iliyolika kidogo kidogo mahali ambapo hukutazama. Kata kipande cha mpira wa maji wa zimamoto, uvishe kamba pale inapogusa boti. Na ile pini inayounga cheni na boya, ifunge kwa waya isijifungue.

Kubwa zaidi ni mvua. Mvua za mwaka zinashuka pamoja na kusi, Mei ndiyo kilele. Boti yako tukisema ni mita 8 kwa 2.5, mvua ya milimita 100 ni kama lita 2,000 ndani. Tani mbili! Betri ikifa pampu imekufa, asubuhi unaona ncha ya omo tu. Huna mtu wa kuikumba maji, usiiache majini.

Fundi_Kalafati
Hapo ndipo naingia. Yake ni faiba, basi nchi kavu bila mjadala. Ingekuwa dau au mashua ningesema usithubutu kuiacha juani miezi mitano: mbao zinakauka, pamba ya kalafati inayoziba nafasi za mbao inalegea, siku ya kuishusha inavuja kama chujio. Mbao unaijengea banda la makuti na kuimwagia maji ya chumvi. Faiba haina tabu hizo.

Pandisha siku ya bamvua, maji yakifika juu kabisa, halafu sukuma tena mbele kupita ule mstari wa majani makavu, maana kusi linasukuma maji zaidi. Uzito ukae kwenye mkuku, ule uti wa chini ya chombo, juu ya magogo, matairi ya zamani pembeni ya kuegemea tu. Omo juu, tezi (nyuma) chini, kizibo cha tundu la kutolea maji nje, mvua ijitokee yenyewe. Mashine vua upeleke nyumbani. Sisemi kwa nini, mnajua.

Kijana_Tudor
Na mikoko? Huku Tudor ipo tele.

Nahodha_Mstaafu
Florida msimu wao ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga wanakiona siku kadhaa kabla, wanafunga, wanashuka chomboni wanakimbia, na baada ya siku mbili wanarudi. Kwa hilo mikoko inafaa. Wewe ukifunga miezi mitano kamba inakata ganda la mti, mti unakufa, na mikoko inalindwa kisheria.

Kijana_Tudor
Basi vimbunga havitufiki?

Nahodha_Mstaafu
Ni nadra. Tuko nyuzi nne tu kusini ya ikweta, na karibu na ikweta nguvu ya kuupinda upepo uzunguke ni ndogo. Lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, sisi huku tukaonywa tusiingie baharini. Sikiliza idara ya hali ya hewa.

Bahari_Nyali
Nimeshawishika, napandisha. BintiMtwapa, kuna uwanja huko wa kuweka boti, au nibaki Bamburi juu ya mchanga?

BintiMtwapa
Ipo ya kulipia, bei mnaelewana. Juu ya mchanga ni bure, ila ongea kwanza na BMU ya hapo, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na utafute mlinzi. Na kile kizibo, kifunge kwenye ufunguo wa mashine. Septemba kuna watu wanashusha boti na kizibo kiko kabatini.