Shilingi ya simba ya mwaka "1943": tarakimu ya mwisho imechezewa?

Mkusanyaji wa Ngara

Habari zenu, ndugu wapenzi wa sarafu. Juma lililopita nilinunua hapa Nairobi, kwa mchuuzi mmoja wa vitu vya kale, shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, kwa shilingi 2,500. Nilielezwa kwamba ni ya mwaka 1943 na kwamba ina madini ya fedha ndani yake. Nilipoitazama dirishani nyumbani, niliona kwamba tarakimu tatu za kwanza zimelainika kwa kuchakaa, lakini ile 3 ya mwisho ina ncha kali, na ubavuni mwake, upande wa kushoto, pana kidoa kinachong'aa kuliko uso mzima wa sarafu. Mchuuzi aliipima mbele yangu, ikaonyesha gramu 7.8, akasema uzito huo ndio ushahidi. Je, unatosha?

Nina pia senti 10 yenye tundu, niliyoachiwa na marehemu nyanya yangu, ambayo mwaka wake umefutika kabisa. Ningependa kuujua bila kuiharibu.

Mzee wa Pangani

Ndugu yangu, uzito hautoshi hata kidogo. Shilingi za simba zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo moja tu, na zile za 1948 hadi 1952 zilikuwa za shaba na nikeli bila fedha yoyote. Lakini aina zote mbili zina uzito wa karibu gramu 7.8, hivyo mzani hauwezi kuzitenganisha.

Ninachoshuku ni kwamba hiyo 3 ilizaliwa ikiwa 8. Ukiikwangua 8 upande wa kushoto hadi matundu yake mawili yafunguke, inabaki 3. Hila hii inajulikana sana Marekani, ambako senti za 1948 zimekwanguliwa ili zionekane kuwa zile adimu za shaba za mwaka 1943.

Sasa igeuze sarafu yako, uangalie upande wa kichwa cha mfalme. Kabla ya India kujitawala mwaka 1947, Mfalme George wa Sita aliandikwa pia kuwa mtawala wa India, kwa maneno yanayoanza na IND na IMP. Kuanzia 1948 maneno hayo yaliondolewa, yakabaki GEORGIVS SEXTVS REX. Mtu mwenye kipatasi anaweza kubadilisha tarakimu moja, ila hawezi kuongeza maneno mazima upande wa pili wa sarafu. Tuandikie umesoma nini.

Fundi Sonara

Naunga mkono aliyosema Mzee. Naomba niongeze kuhusu kutazama, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Tumia lenzi ya sonara inayokuza mara 10, na mwanga uje kutoka ubavuni, wala si kutoka juu. Zima taa ya chumba, laza tochi ya simu mezani, kisha izungushe sarafu polepole. Tarakimu iliyopigwa kiwandani huinuka kutoka kwenye uso wa sarafu kwa mteremko laini, na uchafu wa miaka mingi hujikusanya miguuni pake. Iliyokwanguliwa huacha mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja, na mara nyingi shimo lisiloonekana kwa macho matupu. Hicho kidoa kinachong'aa ni metali mbichi ambayo haijapata muda wa kufifia. Wapo pia wanaobandika tarakimu kwa gundi. Hapo lenzi huonyesha ufa mwembamba kuizunguka.

Angalia na rangi. Fedha ya robo ikichakaa huonyesha unjano au wekundu wa shaba kwenye sehemu zilizoinuka, kama vile bega la simba, ilhali shaba na nikeli hubaki kijivu popote.

Kuhusu senti 10, tafadhali usiitie tindikali. Ni kweli kwamba tindikali huweza kuuibua mwaka uliofutika, kwa sababu metali iliyobanwa na muhuri huliwa tofauti na ile iliyo jirani yake, lakini huacha kovu lisilofutika. Ndimu, majivu na msasa navyo usivitumie. Soma kwanza jina la mfalme kwa mwanga wa ubavuni.

Mkusanyaji wa Ngara

Ahsanteni sana. Shilingi inasomeka GEORGIVS SEXTVS REX, na bega la simba ni kijivu kitupu. Nitamrudishia mchuuzi na kumwonyesha maneno hayo.

Ile senti imenishangaza zaidi. Mwanga ulipolala, chini ya taji zilijitokeza herufi EDWA, kisha nafasi tupu, kisha VIII.

Mzee wa Pangani

Basi mwaka wake umekwisha kuusoma, ndugu yangu: ni 1936, wala hauwezi kuwa mwingine. Edward wa Nane alitawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo, akajiuzulu. Sarafu zenye tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, ndiyo maana senti 5 na senti 10 zetu ziliwahi kutoka zikiwa na jina lake. Si adimu sana, kwa hiyo usitarajie bei kubwa. Iweke ndani ya karatasi kavu, na uandike juu yake kwamba ilikuwa ya nyanya yako.