Siku 14, nchi 4 za kaskazini mwa Ulaya: meli za usiku, treni au ndege za ndani?

SeptembaKaskazini (mleta mada)
Wakuu, naomba tulinganishe. Wasafiri wawili kutoka Dar, mwanzoni mwa Septemba, usiku 14. Miji inayotakiwa ni Copenhagen, Stockholm, Helsinki, Oslo na Bergen. Mezani kuna njia tatu:

1. Kuingia na kutokea Copenhagen, kuzunguka kwa treni, Helsinki iwe kwa ndege kwenda na kurudi.
2. Ndege za ndani kati ya miji yote.
3. Meli mbili za usiku, na treni kwenye vipande vilivyobaki.

Ipi inakula siku chache? Pasi ya Eurail (tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya) inalipa? Na viza iombwe ubalozi gani?

GatiNaReli
Mleta mada, kabla ya kuchagua chombo, rekebisha umbo la safari. Njia yako ya kwanza ina kasoro moja kubwa: Bergen ni mwisho wa reli. Treni ya Oslo–Bergen inachukua karibu masaa 7. Ukienda na kurudi Oslo, halafu urudi tena Copenhagen, siku 2 nzima zimeliwa na mandhari uliyokwisha kuyaona. Helsinki nayo iko ng'ambo ya bahari, kwa hiyo ukiifanya kituo cha katikati lazima urudi ulikotoka.

Iweke miji hiyo miwili kwenye ncha mbili za safari. Ingia kwa Helsinki, tokea Bergen. Katikati mstari unakwenda bila kurudi nyuma hata mara moja: Helsinki – Stockholm (meli ya usiku) – Copenhagen (treni) – Oslo (meli ya usiku) – Flåm – Bergen (treni). Flåm ni kijiji kidogo cha Norwei kilicho njiani kwenda Bergen. Kwenye tovuti ya ndege usinunue tiketi mbili za kwenda tu, mara nyingi zinatoka ghali zaidi. Chagua kipengele cha miji mingi: Dar–Helsinki, kisha Bergen–Dar. KLM kupitia Amsterdam inafika ncha zote mbili.

Mgawanyo wa usiku: Helsinki 2, meli 1, Stockholm 3, Copenhagen 2, meli 1, Oslo 1, Flåm 1, Bergen 3. Jumla 14.

Na kwa nini kutoka mashariki kwenda magharibi? Ufini iko saa moja mbele ya Uswidi. Ukielekea Stockholm unapata saa hiyo usiku, ukielekea Helsinki unaipoteza. Kiangazi Helsinki iko sawa kabisa na saa ya Afrika Mashariki, kwa hiyo siku mbili za mwanzo mwili hausumbuki.

AngaTu
Mimi natetea ndege, ila kwa kipande kimoja kimoja. Watu wanahesabu muda wa angani na kusahau ardhi. Chukua Stockholm–Copenhagen: angani ni saa moja na dakika chache. Ongeza safari ya Arlanda (uwanja wa ndege wa Stockholm), ongeza kufika mapema, ukaguzi, kusubiri begi Kastrup (uwanja wa Copenhagen), kisha kuingia mjini. Unafika masaa manne na nusu, wakati treni ya haraka ya SJ (shirika la reli la Uswidi) ni masaa 5 na kitu, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, na begi halipimwi. Kwa tofauti ndogo hivyo na usumbufu wote huo, hapo ndege imeshindwa. Ndege inashinda kwenye Helsinki–Copenhagen au Helsinki–Bergen moja kwa moja, yaani pale unaporuka nchi nzima.

Anayebaki na njia ya pili ajue njia za kutoka viwanja vya ndege, maana ndipo hela zinapovuja:

Oslo Gardermoen: Flytoget, treni ya haraka ya uwanjani, inafika Oslo S (stesheni kuu) kwa dakika 20 hivi. Treni ya kawaida ya Vy (shirika la reli la Norwei) kutoka jengo lilelile inachelewa dakika chache tu na bei yake ni ndogo zaidi.

Stockholm Arlanda: Arlanda Express ni dakika 18 na ni ghali. Treni ya kawaida ya abiria wa mjini inafika pia, ila kupita kituo cha uwanjani kuna ada ya ziada. Ada hiyo inaepukwa kwa kupanda basi namba 583 hadi Märsta, kisha treni, yote kwa tiketi ya kawaida ya SL, usafiri wa umma wa Stockholm.

Copenhagen: metro M2 inafika Nørreport kwa robo saa hivi. Kama hoteli iko karibu na stesheni kuu, panda treni, kwa sababu M2 haipiti hapo.

Helsinki: treni za I na P, nusu saa, tiketi ya kanda ABC. Ya AB haifiki uwanjani.

KaratasiKwanza
Swali la viza ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Nchi zote nne ziko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Norwei haimo Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen, viza moja inatosha. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Muda ukilingana, ndipo unaangalia nchi ya kwanza kuingia. Amsterdam ya kubadilisha ndege haihesabiki kama mwisho wa safari, hata kama ndiko pasipoti inakokaguliwa kwanza. Kwa mgawanyo wa GatiNaReli, Norwei ina usiku 5 (Oslo 1, Flåm 1, Bergen 3), Uswidi 3. Hakuna utata: unaomba kwa Norwei. Usipange safari ambayo nchi mbili zinagongana kwa siku, unajitafutia maswali dirishani.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida ni siku 15, yanaweza kufika 45. Kwa Septemba, peleka mwezi Juni. Bima iwe na kinga ya yuro 30,000 au zaidi na itaje eneo lote la Schengen. Pasipoti ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka na kurasa 2 tupu.

Kosa linalojirudia: pengo la usiku. Afisa anahesabu usiku mmoja mmoja na hoteli zake. Usiku wa melini weka uthibitisho wa kabini, ndio malazi yako ya usiku huo. Ukiuacha wazi, jedwali lako lina shimo.

Na usiongeze Svalbard, Visiwa vya Faroe au Greenland bila kufikiri. Havimo Schengen. Ukienda na viza ya kuingia mara moja, umeshatoka na huwezi kurudi bara.

Amsterdam acha nafasi ya masaa 2 au zaidi kati ya ndege na ndege. Tangu Oktoba 12, 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni, na foleni zinaweza kurefuka.

SitahaYaJuu
Sasa meli, kwa sababu watu wanadhani ni usafiri tu.

Helsinki–Stockholm kuna kampuni mbili, Viking Line na Silja Line. Zote zinaondoka jioni saa 11 hivi na kufika saa 4 hivi asubuhi. Angalizo la saa: tiketi imeandikwa 17:00, na hiyo ni saa 11 jioni yetu, si vinginevyo. Bei ni ya kabini, si ya kichwa, kwa hiyo watu wawili wanagawana. Kabini ya ndani isiyo na dirisha inatosha, mashuka yamo.

Viking inafunga Stadsgården, jirani na Slussen, unatembea kwa miguu hadi mji mkongwe wa Gamla stan. Silja inafunga Värtahamnen, unatembea dakika kama 10 hadi metro ya Gärdet. Kama una begi zito, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Mara tu meli inapong'oa nanga Helsinki, usiingie kabini. Panda sitaha ya juu. Ndani ya dakika 20 hivi inapita Kustaanmiekka, mlango mwembamba kando ya ngome ya Suomenlinna. Meli ndefu kama jengo la ghorofa lililolazwa inapita katikati ya kuta za mawe, karibu kiasi kwamba unaona nyuso za watu waliokaa kwenye majani. Asubuhi amka saa 12 na nusu: masaa matatu ya mwisho ni visiwa vya Stockholm, maelfu, vingine ni mwamba mmoja na kibanda chekundu. Anayelala hadi tangazo la kushuka amepoteza nusu ya safari.

Usiku meli inasimama Åland. Visiwa hivyo vya Ufini viko nje ya eneo la kodi la Umoja wa Ulaya, na kusimama huko ndiko kunakoruhusu duka lisilo na kodi melini.

Simu: weka hali ya ndege kabla ya bahari kuu. Meli ina mtandao wake wa setilaiti, simu inajiunga yenyewe, na gharama yake haimo kwenye vifurushi vya kawaida vya Ulaya.

Meli ya Copenhagen–Oslo ilikuwa ya kampuni ya DFDS, na tangu mwishoni mwa 2024 iko mikononi mwa Gotlandsbolaget wa Uswidi, hivyo maelezo mengi ya zamani mtandaoni yana jina lisilotumika tena. Inaondoka alasiri, safari ni masaa 19 hivi. Oslo unashukia Vippetangen, robo saa na kidogo kwa miguu hadi Oslo S. Saa moja na kitu kabla ya kufika unapita Drøbak, bahari inapobanwa na ngome ya Oscarsborg. Ndipo Wanorwei walipoizamisha meli ya kivita ya Wajerumani, Blücher, Aprili 9, 1940.

SeptembaKaskazini (mleta mada)
Asanteni sana wakuu, nakubali kubadilisha umbo. Bado Eurail, na kuna anayenishauri gari la kukodi.

GatiNaReli
Gari kwa njia hii hapana. Kulichukua nchi moja na kulirudisha nchi nyingine kuna ada kubwa ya kuliacha, juu yake kuna ushuru wa daraja la Öresund, ushuru wa barabara za Norwei unaosomwa na kamera, na maegesho ya mijini. Gari linafaa kwa wanaokaa Norwei peke yake, wiki moja kwenye fyodi (ile mikono ya bahari inayoingia kati ya milima).

Eurail, kwa anayeishi nje ya Ulaya (Interrail ni ya wakazi wa Ulaya), hailipi hapa. Umebaki na siku 3 tu za treni. Juu ya pasi, treni za haraka za SJ zinadai nafasi ya kiti inayolipiwa kando, na reli ya Flåm haimo kwenye pasi, inatoa punguzo la asilimia 30 tu. Nunua tiketi mojamoja mapema, zinapofunguliwa karibu miezi 3 kabla. Bei zinapanda viti vinavyopungua.

MlimaNaMaji
Kipande cha Norwei. Nunua tiketi moja Oslo–Flåm kwa Vy, usinunue Oslo–Myrdal (unakobadilisha treni) na Myrdal–Flåm kando kando. Treni ya kwanza ikichelewa, mwenye tiketi moja anapangiwa inayofuata. Mwenye mbili anabaki Myrdal, kituo kilicho mita 867 juu ya bahari, kisicho na mji.

Oslo kwenda magharibi kaa upande wa kushoto. Finse, mita 1,222, ndicho kituo cha juu kabisa cha reli hiyo, na barafu ya Hardangerjøkulen iko kusini, yaani kushoto kwako. Baada ya Finse linakuja handaki refu la kilomita 10 hivi, kwa hiyo picha ni kabla, si baada.

Myrdal–Flåm ni kilomita 20, saa moja hivi, kutoka mita 867 hadi usawa wa bahari. Siku meli za utalii zinapokuwa bandarini Flåm, treni hiyo inajaa. Kulala Flåm kunasaidia hapo: unashuka jioni, kesho yake unachukua boti ya asubuhi hadi Gudvangen, masaa 2 kupitia Nærøyfjord iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005. Kisha basi hadi Voss na treni hadi Bergen. Boti nunua kabla, basi la Gudvangen angalia muda wake siku hiyohiyo unaponunua boti.

Bergen mvua inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Koti lisilopitisha maji, si mwavuli, upepo unaugeuza.

KadiSiNoti
Fedha ni nne: yuro Ufini, na krona tatu tofauti ambazo haziingiliani. Usibadilishe noti nyingi. Uswidi maduka mengi hayapokei taslimu kabisa, na hata choo cha stesheni ni kadi. Swish ya Uswidi haimsaidii mgeni, inataka namba ya utambulisho ya huko.

Kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inakubalika kwa tiketi za treni na meli, lakini huna cha kugusisha kwenye mashine ya metro. Beba kadi mbili halisi zenye namba ya siri, za benki mbili. Mashine ikiuliza ulipe kwa shilingi au fedha ya hapo, chagua ya hapo. Benki nyingi zinatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya nyumbani: iache laini hiyo simuni ikiwa na huduma ya nje ya nchi, au maliza manunuzi yote kabla ya kupanda ndege.

AngaTu
Jambo moja la kupinga: Copenhagen usiku 2 ni haba. Unafika mchana kwa treni, na siku ya tatu saa sita unaanza kuelekea gatini. Umebaki na siku moja kamili. Hamisha usiku mmoja kutoka Bergen.

KaratasiKwanza
Inawezekana bila kugusa ombi la viza. Norwei inabaki na 4, Denmark 3, Uswidi 3. Ila usihamishe wa pili.

MlimaNaMaji
Nakubali kwa sharti moja. Bergen ikiwa na usiku 2, ndege ya kutoka iwe ya mchana. Tramu namba 1 inafika uwanja wa Flesland kwa dakika 45 hivi kutoka katikati ya mji, na asubuhi yenye anga safi ndiyo ya kupanda mlima Fløyen. Kileleni ni mita 320, reli ya kamba inakufikisha kwa dakika zisizozidi 10.