Kisima cha Shangazi Somoe

Kikundi: Majirani wa Mtaa, Mtwara

*Shangazi Somoe:* Jamani amkeni. Nimeteka maji alfajiri hii, ndoo ina povu na harufu ya choo. Mvua ya jana usiku kuna mtu katapisha karo la choo. Mfereji wa nyuma umejaa uchafu mpaka ukingoni mwa kisima.

*Mama Shamimu:* Shikamoo shangazi. Pole mno. Harufu hiyo ilitutoa barazani jana. Msiyanywe hayo maji hata kwa bahati mbaya.

*Shangazi Somoe:* Marahaba mwanangu. Kunywa tena! Hata vyombo sithubutu kuoshea.

*Rashidi Boda:* Nimepita hapo sasa hivi. Yana rangi ya chai ya rangi. Nimeweka picha 👇

*Balozi:* Nimeiona. Jina la mtu sitalitaja humu, nitamfuata kwake mwenyewe. Ila kumbukeni kesho saa 4 ni mkutano wa mtaa, ajenda ni eneo la mabwawa ya majitaka. Mkutano uliopita wengi mlikataa.

*Mama Shamimu:* Nilikataa mimi, na bado naogopa. Bwawa la kinyesi, mbu, harufu, na watoto wetu hawatulii.

*Mzee Chilumba:* Kwani lazima mabwawa? Dar katikati ya mji kuna bomba linapeleka baharini. Sisi bahari si hii hapa?

*Fundi Seif:* Shikamoo mzee. Bahari yetu hapa ni ghuba, maji yameingia ndani na kutulia, ndiyo maana bandari ikawekwa hapa. Ukiyamwaga humo yatazunguka kwenye mikoko, wanakookota kaa na chaza watu wetu. Mimi siwezi kuunga mkono hilo.

*Mzee Chilumba:* Marahaba. Hapo nimekuelewa.

*Fundi Seif:* Mama Shamimu, nilifanya kazi ya bomba Moshi miaka minne. Wana mabwawa, na chini yake watu wanalima mpunga kwa maji yaliyotoka humo. Ngoja nieleze yanavyofanya kazi, maana watu wanadhani ni shimo kubwa la choo.

Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita 2 mpaka 5. Humo hewa haifiki. Uchafu mzito unazama, vijidudu vya chini vinaula taratibu. Maji yanapita kwenda bwawa la pili, kina mita 1 na kitu. Hili utalikuta la kijani kabisa. Ule ni mwani, siyo huu wanaolima kina mama pwani, ni mdogo sana hauonekani mmojammoja. Mchana jua likiwaka unatoa oksijeni, na vijidudu vingine vinaitumia kumaliza uchafu uliobaki. Bwawa la mwisho ni la kina kifupi ili jua lipenye: jua ndilo linaloua vijidudu vya magonjwa, na mayai ya minyoo yanazama. Kwa joto letu hili safari nzima ni kama wiki 2 au 3. Hakuna dawa inayotiwa, na yenyewe hayahitaji umeme.

*Mama Shamimu:* Na harufu?

*Fundi Seif:* La kwanza linanuka, sikufichi. Linanuka zaidi likijaa tope lisitolewe. Ndiyo maana mahali ni kila kitu. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini mashariki. Yakiwekwa magharibi, upande wa bara mbali na nyumba, pepo zote mbili zinapeleka harufu porini.

*Rashidi Boda:* Lakini kaka huko bara si ni mlimani kidogo? Maji yatapandaje?

*Fundi Seif:* Umeuliza la maana. Yakija kwa bomba lazima pampu, na hapo ndipo umeme unarudi. Yakija kwa gari la kunyonya vyoo hakuna shida, ila tope la vyoo vya shimo ni zito, likimwagwa moja kwa moja linajaza bwawa haraka. Linataka vitanda vyake vya mchanga likaukie kwanza. Kesho tuulize vitanda vipo kwenye mchoro au havipo.

*Mzee Chilumba:* Mimi gari lilinyonya kwangu mwezi jana, nikalipa vizuri tu. Nikamuuliza dereva, mwanangu unakwenda kumwaga wapi? Akanionesha kwa kidole, "huko mbele." Nimelala na hilo neno mpaka leo.

*Balozi:* Mzee hilo lisemwe kesho kama ulivyoliandika.

*Mama Shamimu:* Basi nitakuja. Nitakubali wakisema ni magharibi, kuna uzio, na kuna mtu wa kutoa tope. Wasipoyajibu hayo matatu nitanyoosha mkono kukataa tena.

*Fundi Seif:* Na nepi na pedi zisitupwe chooni jamani. Mpira wa kunyonyea wa gari ukiziba, fundi anaingiza mkono.

*Balozi:* Shangazi, karo la jirani liko umbali gani na kisima?

*Shangazi Somoe:* Nimepima kwa hatua, 11. Kisima alichimba marehemu mume wangu kabla nyumba hizo hazijajengwa.

*Fundi Seif:* Tulifundishwa walau mita 30. Shangazi usiyatumie, hata mvua ikikatika.

*Shangazi Somoe:* Nimeshafungua kamba ya ndoo, nimeiingiza ndani. Rashidi, ukirudi nipitie, nina madumu mawili ya kujaza bombani.

*Rashidi Boda:* Nakuja shangazi.