Mrejesho: ala ya kisu yenye kifungo cha kubonyeza

Wakuu, ala imekamilika, ahsanteni sana. Kwa aliyepitwa: niliuliza nitashonaje ala ya ngozi ya kisu cha kuchinjia, makali yasikate uzi na kifungo kisikwaruze bapa.

Aliyeshauri ukanda wa ngozi katikati ya pande mbili, ubarikiwe. Ukanda huo unafuata upande wa makali hadi nchani, kwa hiyo kisu kinapoingia kinagusa ngozi, uzi hakiufikii. Nimetumia ngozi ya milimita 3 iliyotengenezwa kwa magome ya miwati. Ile laini ya mikoba niliiacha, maana hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu, nazo zikipata unyevu huweza kuletea kisu kutu. Matundu nimetoboa kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi), nikashona kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, uzi wa nta. Uzi ukikatika sehemu moja, mshono haufumuki wote.

Sasa kifungo. Sehemu ya chini nimeigonga kabla ya kushona ala, na mgongo wake nikaufunika kwa kipande chembamba cha ngozi kwa ndani. Mkanda wa juu nimeupunguza unene pale kifungo kinapokaa, kwa sababu shina la kifungo likiwa fupi kuliko unene wa ngozi, kifungo hung'oka tu. Tundu la mkanda lisubiri: lowesha ala, tia kisu kilichofungwa nailoni, ikauke kabisa, ndipo upime. Ngozi hubadilika ikikauka.

Kisu kinakaa imara, na kifungo kinalia ta! kila nikifunga. Nimefurahi mno.