Mjadala: Albamu ya waasi wa country ikitolewa upya na kuongezwa nyimbo, bado ni albamu ileile?

Santuri Chakavu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi uliopita nilipata sidii ya Wanted! The Outlaws, lile toleo la 1996 la kuadhimisha miaka 20. Santuri yake ya 1976 ninayo, nimeirithi kwa mjomba, na ina nyimbo 11. Basi wimbo wa 11 ulipokwisha nikainuka kwenda kunyanyua sindano, kumbe sidii ndiyo kwanza inachanganya! Wameongeza nyimbo nyingine za miaka hiyohiyo, kisha wakaweka na mmoja mpya kabisa.

Kwa wasioifahamu: mwanzoni mwa 1976, kampuni ya rekodi ya RCA iliwakusanya waimbaji wa country walioitwa waasi, Waylon Jennings, mkewe Jessi Colter, Willie Nelson na Tompall Glaser kwenye santuri moja. Jalada lilichorwa kama lile bango kuukuu la mhalifu anayetafutwa. Iliuza hadi ikawa albamu ya kwanza ya country kupewa platinamu Marekani, yaani nakala milioni moja.

Hoja yangu ni kwamba kazi kama hiyo ina mwanzo na mwisho wake. Ukitaka kuitoa tena, isafishe sauti uiache hivyohivyo. Ziada weka kwenye diski ya pili. Nakosea wapi?

Gitaa Kavu

Mkuu, unalinda kiporo kisipashwe moto mara ya pili. Hiyo albamu tangu siku ya kwanza ilikuwa kiporo.

Angalia ilivyopikwa. Willie alishaondoka RCA miaka kadhaa nyuma. Mwaka 1975 akiwa kampuni ya Columbia akatoa albamu ya Red Headed Stranger, ala chache tu na sauti, basi, na wakubwa wa Columbia waliposikia walidhani ni rekodi ya majaribio. Kumbe ikauza kwelikweli! Hapo ndipo Jerry Bradley, bosi wa RCA kule Nashville, alipoona fursa. Kanda za zamani za Willie zilikuwa stoo kwake, ikiwemo Me and Paul ya 1971. Waylon na Jessi wanaimba pamoja wimbo waliourekodi 1970. Nyimbo nyingi mle zilishatoka kabla. Kilichokuwa kipya hasa ni jalada na jina.

Tena ile Good Hearted Woman ambayo watu wanashangilia utadhani jamaa wako jukwaani bega kwa bega? Waylon aliipiga laivu peke yake. Sauti ya Willie ilipachikwa baadaye studio. Sasa hapo "kazi halisi" unayoilinda ni ipi?

Mama Kaseti

Nakuru hapa. Country kwetu ni muziki wa nyumbani, lakini tusidanganyane, wazee wetu hawakuwa na habari na hao waasi. Kwa baba yangu ilikuwa Jim Reeves, halafu Jim Reeves, na Krismasi Jim Reeves. Na hao kina Waylon walikuwa wanaasi mtindo uleule wa Jim Reeves: vayolini nyuma, waitikiaji laini, prodyuza Chet Atkins ameshika usukani RCA.

Ila nimekuja na jambo moja. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege 1964. Mwimbaji mwenzake Patsy Cline naye alishatangulia kwa ajali ya ndege 1963. Mwaka 1981 ikatoka kolabo yao! Hawakuwahi kurekodi pamoja hata siku moja. Sauti zilichomolewa kwenye kanda zao mbalimbali zikaunganishwa, na wimbo ukapanda chati. Baba aliupenda mpaka alipoambiwa. Tangu hapo akawa anazima redio ukianza.

Kwa hiyo mimi mambo ya nyimbo 11 au 20 hayaninyimi usingizi. Mimi nauliza mwenye sauti aliulizwa?

Santuri Chakavu

@Gitaa Kavu, ya kiporo nimeikubali, imeniuma lakini ni kweli. Jalada la nyuma nilishalisoma mara mia, na Chet Flippo wa jarida la Rolling Stone aliyaandika yale maelezo kwa utamu kiasi kwamba nilisahau kuangalia miaka.

Lakini @Mama Kaseti amegusa penyewe. Watu wanafikiri uasi ule ulikuwa ndevu na bangi. Ugomvi ulikuwa wa mkataba. Msanii wa RCA alirekodi studio ya RCA, na fundi mitambo wa RCA, na prodyuza aliyechaguliwa na RCA. Waylon alipofika 1972 akagoma, meneja wake Neil Reshen akawabana RCA mpaka akapata mkataba wa kuamua mwenyewe. Mwaka uliofuata ndiyo ikaja albamu ya Honky Tonk Heroes, karibu nyimbo zote kaandika Billy Joe Shaver, kijana ambaye hakuna aliyekuwa anamjua. Kisha Waylon akahamia kurekodi kwenye studio ya kina Glaser.

Sasa mtu aliyepigania kuamua kila kitu, kampuni inakuja kumpangia nyimbo upya?

Gitaa Kavu

Mkuu, 1996 Waylon alikuwa hai. Huo wimbo mpya unaoulalamikia, Nowhere Road, ni wa Steve Earle, na walioingia studio kuuimba ni Waylon na Willie wenyewe. Hakuburutwa mtu.

Mdau wa Pembeni

Mnabishana kuhusu heshima, mimi nauliza pesa. Mwandishi wa wimbo analipwa mrabaha kila toleo linapouzwa. Mwimbaji aliyesaini mkataba mbovu enzi zile anaweza kuambulia senti. Kwa hiyo hata toleo likiwa baya, mtu kama Shaver alikuwa na sababu ya kulifurahia. Na tusijifanye hatujui, Willie mwenyewe, serikali ya Marekani ilipomdai kodi karibu dola milioni 17, alirekodi nyimbo zake za zamani upya kwa gitaa tupu akaziuza kulipa deni. Aliuza kiporo chake mwenyewe. Kwangu hiyo ndiyo tofauti ya maana, nani ameshika mwiko.

Mama Kaseti

@Mdau wa Pembeni hapo sawa. Mfu hashiki mwiko, ndiyo maana baba alizima redio.

Santuri Chakavu

Basi wa 1996 nimewasamehe, kwa kuwa Waylon alikuwepo. Lakini baada ya wimbo wa 11 nitaendelea kuizima sidii.

Gitaa Kavu

Basi hizo zilizobaki nikatie mimi, nitakupa nusu bei.